Jino la Jilfidan

Mzee asiyejua mwaka aliozaliwa huulizwa kwa kuzungukazunguka. Nzige walipopita ulikuwa unatambaa au unachunga mbuzi? Mwaka wa njaa ile ulikuwa umeshaota ndevu? Jibu likipatikana, mjukuu huhesabu kwa vidole na kujaza mwaka kwenye fomu. Seyyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja tarehe 30 Agosti 1844 na kufariki Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari 1924 kwa jina la Emily Ruete, alipiga hesabu ya namna hiyo kwa ajili ya mama yake. Nzige hakuwa nao, wala njaa. Alikuwa na jino. Anasema mama yake huenda alikuwa na miaka saba au minane alipoingia katika milki ya baba yake, kwa sababu jino lake la kwanza la utoto lilimng'oka akiwa nyumbani mwao.

Cheti cha kuzaliwa cha mama huyo, Jilfidan, ni jino hilo.

Asiyeujua ukoo huu angedhani ni wa watu wasioandika. Kumbe karatasi zilikuwapo tele. Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, bwana wa Jilfidan na baba wa mwanawe, ameacha mikataba aliyotiliana na madola, na makonsuli waliokaa Unguja walimwandika wiki baada ya wiki: jahazi gani limeingia, nani amegombana na nani, Seyyid ameugua nini. Mjukuu wake Rudolph Said-Ruete, mtoto wa Salme aliyezaliwa Hamburg mwaka 1869, alikusanya vitabu na hati za Oman na Unguja kwa miaka mingi, na mwaka 1929 akachapisha London kitabu kizima kuhusu maisha ya babu yake. Maktaba yake aliikabidhi kwa wasomi wa Leiden, Uholanzi. Kwa upande wa babu, basi, mjukuu huyu hakuwa na shida ya kutafuta. Shida yake ilikuwa ya kuchagua.

Mimi nataka kumfuata bibi. Na njia ya kumfikia ni moja tu, nayo inapita kwenye kitabu ambacho hakikuanza kama kitabu.

Salme alichapisha kumbukumbu zake Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani. Mwanzoni mwake anaeleza kwamba aliyaanza maandishi hayo kama miaka tisa nyuma, na aliyakusudia watoto wake watatu, Antonie Thawka, Rudolph Said na Rosalie Ghuza, ambao kuhusu asili yao walijua machache zaidi ya kwamba mama ni Mwarabu wa Unguja. Baba yao, Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, alikwisha kufa. Aligongwa na tramu ya farasi mwaka 1870, mtoto wa mwisho akiwa na miezi michache tu. Mjane alikuwa na umri wa miaka 25, katika nchi yenye baridi ambayo lugha yake alikuwa bado anajifunza, na aliogopa kwamba angekufa kabla hajawaambia wanawe wametoka wapi. Kwa hiyo kurasa zile zilikuwa daftari la nyumbani kabla hazijafika dukani. Ukizisoma hivyo, kama mtoto aliyekaa sebuleni Berlin akiuliza, "Na bibi yetu mzaa mama alikuwa nani?", utaona zinavyojibu.

Zinajibu hivi. Jilfidan alikuwa Mcherkesi. Baba yake alikuwa mkulima, na nyumbani walikuwa watoto watatu: yeye, kaka yake, na mdogo wao wa kike. Vita vikaingia ghafla, nchi ikajaa magenge ya waporaji. Familia ikajificha mahali chini ya ardhi. Hapa Salme anasita kidogo, na msito huo unanipendeza kuliko sentensi nyingi alizozinyoosha vizuri. Anaeleza kwamba huenda kilikuwa chumba cha kuhifadhia vitu chini ya nyumba, kitu ambacho Unguja hakikuwapo. Yaani mama alimsimulia binti yake mahali ambapo binti hakuwahi kuona mfano wake, na binti akapabeba kichwani kama alivyopewa, bila jina, mpaka alipofika Ujerumani akayakuta majumba yenye vyumba vya chini, ndipo akafahamu, au akadhani amefahamu. Hivyo ndivyo habari ya kupokezana mdomo inavyosafiri. Anayeitunga mwenyewe angeweka pango.

Waporaji wakaingia mafichoni, wakawaua baba na mama. Wapanda farasi watatu wakawachukua watoto watatu, kila mmoja na wake. Aliyembeba kaka alitokomea mapema. Wawili waliobaki waliendelea pamoja, Jilfidan juu ya farasi mmoja, na mdogo wake wa miaka mitatu juu ya mwingine, akimlilia mama yake. Jioni nao wakaachana. Hakusikia tena habari za ndugu zake.

Nchi ya Wacherkesi iko kaskazini mashariki mwa Bahari Nyeusi, katika milima ya Kaukazi. Warusi walipigana vita vya kuitwaa milima hiyo tangu mwaka 1817 mpaka 1864, na katika miaka yote hiyo watoto wa huko waliuzwa kupitia bandari za Bahari Nyeusi hadi masoko ya Istanbul na Misri. Wasichana wa Kicherkesi walikuwa na bei kubwa katika majumba ya watawala wa Mashariki. Familia hailitaji jeshi wala kijiji. Lakini twaweza kubana miaka. Ikiwa Jilfidan alipomzaa Salme mwaka 1844 hakuwa chini ya miaka 15 hivi, basi alizaliwa si baada ya 1829, na jino lilimng'oka kabla ya miaka ya 1830 kwisha. Ndiyo miaka ambayo Seyyid Said alikuwa akienda na kurudi kati ya Maskati na Unguja, akiuhamishia utawala wake huku kidogo kidogo, mikarafuu ikipandwa. Salme aliposema jino lilitoka "nyumbani mwetu", alikuwa akiitaja nyumba kwa maana tuliyonayo hata sisi: watu, siyo kuta.

Hata jina alilopewa linasema jambo. Jilfidan ni Gülfidan ya Kituruki iliyopita katika kinywa cha Mwarabu: mche wa waridi. Jina zuri, na kwa kila dalili ni jina alilovishwa njiani au alipofika, kwa sababu wasichana waliouzwa katika dola ya Kituruki walipewa majina mapya ya maua, lulu na nyota. Pwani yetu ina kawaida iyo hiyo. Wajoli waliitwa Zafarani, Faida, Mabruki, majina ya viungo, ya mali na ya baraka ambazo mwenyewe hakuombewa na wazazi wake. Jina ambalo mkulima yule wa Kaukazi alimwita binti yake halimo katika karatasi yoyote ya ukoo.

Alipofika, Jilfidan hakupelekwa kwa wakubwa. Alikuwa mtoto, akawekwa pamoja na binti wawili wa Seyyid waliolingana naye umri, akacheza nao, akakaa nao mkekani kusoma. Salme anaeleza kwamba wanawake wengi waliokuja katika hali ya mama yake walifika wakiwa na miaka 16 hadi 18, wakaona haya kukaa na watoto wadogo juu ya mkeka mgumu kuanza alifu na bee, kwa hiyo hawakusoma kamwe. Jilfidan alisoma kwa sababu aliibwa mapema. Naiandika sentensi hiyo kwa shida, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kusoma kukamtofautisha na wenzake maisha yake yote.

Kusoma, lakini si kuandika. Wasichana hawakufundishwa kalamu.

Nyumba yenyewe ilikuwa Beit el-Mtoni, kaskazini mwa mji, pwani kabisa, mto ukipita kiamboni na kumwagika baharini. Magofu yake yapo hadi leo. Salme anakumbuka zaidi ya watu elfu moja wakiishi humo, tausi na paa uani, na ile baraza kubwa ya duara juu ya bahari ambayo baba yake alikuwa akitembea huku na huku, kichwa ameinamisha. Mbele ya Seyyid kilisemwa Kiarabu. Akigeuka tu, kila mtu anarudia lugha yake: Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kihabeshi, Kinubi, Kiswahili. Nimewahi kujiuliza kama katika ghasia hiyo Jilfidan alipata mtu wa kuongea naye lugha ya mama yake. Alimpata. Mama yake Majid, yule aliyekuja kuwa Sultani, alikuwa Mcherkesi pia, na wanawake hao wawili waliapiana kwamba atakayetangulia kufa, mwenzake atawalea wanawe.

Mke mkuu alikuwa Azze binti Sef, mwanamke mfupi wa umbo ambaye nyumba nzima ilimwogopa. Hakuzaa. Watoto wote wa Seyyid waliokuwa hai alipofariki, 36, wavulana 18 na wasichana 18, walizaliwa na masuria, na masuria aliowaacha walikuwa 75. Sheria ilikuwa wazi: mtoto wa suria ni muungwana sawa na ndugu zake, na mama aliyemzalia bwana hawezi kuuzwa, na bwana akifa anakuwa huru. Ndiyo sababu kiti cha Unguja kilikaliwa na Majid mwana wa Mcherkesi na baada yake Barghash mwana wa Mhabeshi, na hakuna aliyesema wana upungufu. Wako wanaoutaja mpangilio huo kama ushahidi kwamba utumwa wa majumbani ulikuwa mwepesi. Nadhani ushahidi huo wapaswa kwanza kupita juu ya wale farasi watatu.

Sasa, binti anamsemaje mama? Anasema hakuwa mzuri wa sura. Namwamini papo hapo, maana katika kitabu kilichouzwa Ulaya kwa hamu ya kuchungulia nyumba za wanawake wa Mashariki, jambo rahisi kuliko yote lilikuwa kumfanya mama Mcherkesi awe hurulaini. Salme hakufanya hivyo. Alikuwa mrefu, anasema, mwenye nguvu, macho meusi, nywele nyeusi zilizofika magotini. Mpole, mnyamavu. Elimu yake haikuwa kubwa, lakini sindano aliijua kwelikweli. Alimpenda mwanawe na alimchapa ilipobidi. Mtu akiugua katika nyumba ile yenye watu elfu, Jilfidan alikwenda. Binti anamkumbuka akitoka kitanda hiki kwenda kitanda kile, kitabu mkononi, akiwasomea wagonjwa maneno ya dini. Mkeka ule mgumu ulikuwa umemlipa: alikuwa na kitu cha kuwapa watu ambacho masuria wenzake wengi hawakuwa nacho, na hakukiuza.

Kuna jambo jingine, dogo, ambalo ningelifurahia kama ningekuwa mmoja wa wale watoto wa Berlin. Jilfidan alipokwenda kumwona Seyyid, yeye Seyyid aliinuka na kupiga hatua kumlaki. Heshima hiyo hakuifanyia kila mtu. Na maombi aliyopeleka, binti anaongeza, mara nyingi yalikuwa ya watu wengine.

Na kuna siku ya moto. Salme alikuwa na miaka mitano hivi. Zikapigwa kelele kwamba Mtoni inaungua, watu wakakimbia ovyo. Jilfidan akamchukua mtoto wake kwa mkono mmoja, msahafu wake mkubwa kwa mkono wa pili, akatoka mbio. Habari ikawa ya uongo, nyumba haikuungua. Lakini binti amekwisha kutuonyesha, bila kusudi, mali yote ya mwanamke huyu kama yeye mwenyewe alivyoihesabu. Dhahabu alikuwa nayo, kila suria wa Seyyid alikuwa nayo. Aliiacha ndani.

Haya yote twayapokea kwa binti mmoja, aliyekuwa na miaka 15 tu mama alipokufa, na aliyeandika akiwa mbali, mpweke, na mwenye hoja ya kujenga mbele ya Wazungu. Hoja hiyo ina mahali inapomponyoka. Kitabu kina sura kuhusu utumwa ambamo Salme anautetea utumwa wa Waarabu na kuwasema vibaya Waafrika waliowekwa huru, kwa maneno ambayo Mzanzibari wa leo huyasoma akikunja uso. Mkono huo huo ulikwisha kuandika habari ya mtoto wa miaka mitatu anayemlilia mama yake juu ya farasi. Kurasa hizo mbili zimo ndani ya jalada moja na hazisalimiani. Mtoto wa Kiyao au wa Kinyasa aliyeshushwa Unguja mwaka ule ule naye alikuwa na chumba chake cha chini ya ardhi, au kichaka chake. Tofauti ni kwamba mwanawe hakuwa na mchapishaji Berlin.

Salme alipokuwa na miaka saba, Majid alipewa nyumba yake mjini, Beit el-Watoro, na Jilfidan akahamia huko na mwanawe kutimiza ahadi aliyompa mama yake Majid. Baadaye wakaingia Beit el-Tani. Ni katika majumba hayo ya mjini ndipo Salme alipofanya jambo ambalo bila hilo makala haya yasingekuwapo. Alijifundisha kuandika. Alichukua msahafu na mfupa wa bega la ngamia, ule uliotumika kama ubao chuoni, akawa anaziiga herufi moja moja kwa siri mpaka mkono ukakubali. Aliposhikwa na kusemwa, hakujali. Mama alisoma na binti akaandika: katika vizazi viwili vya wanawake wa nyumba ile, mmoja akapiga hatua moja na mwingine akapiga ya pili.

Seyyid Said alifariki baharini karibu na Shelisheli tarehe 19 Oktoba 1856, akirudi kutoka Oman. Kisheria, siku hiyo Jilfidan akawa huru. Aliishi katika uhuru huo karibu miaka mitatu.

Kipindupindu kiliingia Unguja kikiteremka pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1858 na 1859, na kuua watu kwa maelfu. Joto lilikuwa kali, Salme anakumbuka, watu wakilala popote penye ubaridi. Asubuhi moja aliamka akamkuta mama yake miguuni pake, akigaagaa kwa maumivu. Akamuuliza. Mama akajibu kwamba alikuwa hapo tangu usiku wa manane. Alihisi ni kipindupindu, na kama ni kufa alitaka afe karibu na mwanawe. Hakumwamsha. Kwa saa zote hizo za giza mwanamke huyu aliyekuwa akizunguka kwenye vitanda vya wengine alilala sakafuni akiugulia kwa sauti ndogo ili mtoto apate usingizi. Akafa.

Binti aliyebaki alikuwa na mali yake, hakuwa na mama wala baba, na alijua kuandika. Mwaka uo huo wa 1859 Barghash aliposhika silaha dhidi ya kaka yake Majid, ndugu waliokuwa upande wake walihitaji karani anayeaminika, na karani akawa msichana wa miaka 15. Barua za kuagizia bunduki na baruti zilitoka mkononi mwake. Uasi ukavunjwa, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akawa amemsaliti Majid, yule ambaye kwa ajili yake mama alihama Mtoni. Mambo yaliyofuata yanajulikana na wengi: jirani wa Kijerumani kwenye dari la pili, ndiye Heinrich, mimba, manowari ya Kiingereza Highflyer mwezi Agosti 1866, ubatizo na ndoa siku moja huko Aden mwaka 1867. Mchanga wa pwani ya Unguja uliokutwa kati ya vitu vyake alipokufa nao umesimuliwa vya kutosha na hautaki msaada wangu.

Ninalolitaka katika safari hiyo ni siku moja ya mwaka 1885. Salme alirudi Unguja kwa meli ya Kijerumani Adler, na watoto wake watatu walikuwa pamoja naye. Barghash, ambaye sasa ndiye Sultani, alikataa kumwona. Lakini Beit el-Mtoni hakuna aliyemzuia kuiona, nayo ilikuwa imekwisha kuwa gofu. Rudolph alikuwa na miaka 16, msichana mkubwa 17, mdogo 15, umri ule ule ambao mama yao alimpoteza mama yake. Wakasimama penye kuta ambazo bibi yao alipita mbio na mtoto mkono mmoja na msahafu mkono wa pili.

Rudolph alipokuwa mtu mzima aliomba aongezewe jina la babu kwenye jina lake, akawa Said-Ruete. Kwa upande huo alikuwa na ngazi ndefu ya kupanda: Said mwana wa Sultan, mwana wa Ahmed bin Said aliyesimamisha utawala wa Albusaidi huko Oman katika karne ya 18, na nyuma yake wengine. Kwa upande wa pili alikuwa na mama, na juu ya mama bibi mwenye jina la ua, na juu ya bibi mkulima asiye na jina na mkewe, wameuawa mafichoni. Pembeni yao kuna matawi mawili ya nasaba yanayoondoka kwa farasi. Moja limetoweka mapema mchana. La pili linasikika mpaka jioni, kwa kuwa mtoto analia.